Kambo anaposema sirene imelia

Juma hili tuongee juu ya wazee tunaoishi nao nyumbani. Nitaanza na wangu.

Mama mkwe anakaa kwetu Katuba, yapata miaka sita sasa. Ana umri wa miaka 81. Usiku mmoja wa mwaka juzi, saa kumi, kabla ya jogoo kuwika, nilisikia kufuli ya mlango ikifunguliwa. Nikatoka na taa ya telefoni. Alikuwa amesimama katikati ya lupango, miguu mitupu, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, sahani ya bati mkononi. Akaniambia kama mtu mwenye haraka: "Sirene ishalia. Baba ya batoto atachelewa ku kazi."

Baba ya batoto ndiye baba mkwe wangu. Tulimzika mwaka 1998.

Nilimjibu ukweli. "Mama, baba alikufa." Aliniangalia kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, kisha akaanza kulia kilio cha matanga. Majirani wakatoka nje. Usiku uliofuata ikawa vilevile: sahani, sirene, jibu langu, kilio. Kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa ninampa mama huyu habari ya kifo cha mume wake karibu kila usiku, nami nikiamini kwamba ninafanya vizuri kwa sababu sisemi uongo.

Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, akakataa kulala chumba kimoja naye. "Kambo anasemaka na bafu," aliniambia. Na jirani mmoja, ambaye tunachota naye maji kila siku, akanivuta kando na kunong'ona: "Ule mama, mumuangalie muzuri."

Kila mwanamke wa mji huu anajua maneno hayo yanaelekea wapi. Nyuma yake kuna neno moja, mulozi, na likishatamkwa ndani ya lupango halirudi tena kinywani. Tumeona wazee wakitengwa na watoto waliowazaa wenyewe, wakila peke yao nyuma ya nyumba, wengine wakifukuzwa kabisa, kwa sababu walianza kusahau, kupotea njia, na kusema peke yao usiku. Hiyo ndiyo sababu ya makala hii. Sitaki mama mkwe wangu aitwe hivyo, na najua katika chama chetu si mimi peke yangu mwenye hofu hiyo.

Sisi tulianza na hospitali, na ninawaomba nanyi muanze hapo, kabla ya maombi ya usiku kucha na kabla ya mtu yeyote anayeomba pesa ili atoe pepo. Mzee akibadilika kwa ghafula, leo yuko sawa na kesho hajui alipo, mara nyingi kuna ugonjwa mwilini: malaria, maambukizi ya mkojo au ya mapafu, kukosa maji, sukari kushuka au kupanda, au dawa mbili zisizopatana. Mambo hayo yana matibabu, tena ya haraka. Ikiwa kusahau kumekuja polepole, mwaka kwa mwaka, inaweza kuwa demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kwanza kumbukumbu za karibuni. Ndivyo muganga alivyotuambia. Alimpima damu, akampa dawa ya presha, kisha akasema bila kuzunguka kwamba dawa ya kurudisha akili jinsi ilivyokuwa haipo.

Nilipokuwa ninatoka, muuguzi mmoja, mama wa makamo, alinifuata mpaka mlangoni akaniuliza: "Unamuulizaka mambo gani?" Nikamweleza kwamba kila asubuhi ninampa mtihani mdogo ili akili isilale. Huyu mtoto ni nani? Leo ni siku gani? Jana tulikula nini? Muuguzi akatikisa kichwa. Akasema: mambo ya jana hana tena, unamfedhehesha bure mbele ya watoto. Muulize mambo ya wakati alipokuwa msichana.

Nilidhani ananiambia nimpumbaze mzee. Baadaye nikajifunza kwamba jambo hilo lina jina na historia, na linafanywa katika hospitali na nyumba za wazee za nchi nyingi. Tunaweza kuliita tiba ya ukumbusho. Zamani, katika nchi za Wazungu, waganga walikuwa wakifikiri kwamba mzee anayerudia-rudia habari za ujana wake ameanza kuharibika, na ilifaa kumkatiza na kumrudisha kwenye mambo ya leo. Mwaka 1963 muganga Mmarekani wa magonjwa ya akili, Robert Butler, aliandika kinyume chake. Butler mwenyewe alilelewa na babu na bibi yake. Alisema kwamba mtu anayekaribia mwisho wa maisha anayapitia tena maisha yake, anayapanga, anatafuta maana yake, na kwamba hiyo ni kazi ya kawaida ya uzee, si ugonjwa. Kazi ya wanaomzunguka ni kumsikiliza. Wamama, sisi tuliolelewa na bakambo kando ya moto tungeweza kumwambia hayo bila masomo. Lakini lazima tukiri kwamba moto huo siku hizi hauwashwi sana. Kila mmoja yuko na telefoni yake.

Kuna jambo moja la utafiti ambalo limenisaidia kuliko yote. Ukimuuliza mzee asimulie maisha yake, kumbukumbu nyingi na zilizo wazi zaidi huwa za umri wa miaka 10 hadi 30. Ni miaka ya kukua, kupenda, kuolewa, kuzaa, kuhamia mji mpya, kupata kazi ya kwanza. Hata ugonjwa unapokuwa umekula miaka ya mwisho, ile ya ujana hudumu muda mrefu zaidi. Basi chukua mwaka ambao mzee wako alizaliwa, ongeza 10, kisha ongeza 30. Katikati ya tarakimu hizo mbili ndimo anamoishi. Mama mkwe alizaliwa mwaka 1944. Yeye yuko kati ya 1954 na 1974, na mimi nilikuwa ninamuuliza tulikula nini jana!

Na miaka hiyo hapa kwetu haikuwa tupu. Alikuja Elisabethville akiwa msichana, akaolewa mwaka 1962 na kijana wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, chini ya bomba lile refu la moshi tunaloliona sote, kando ya mlima mweusi wa mabaki ya madini. Wakakaa katika kambi ya Union Minière. Ameishi katika majina matatu ya mwajiri mmoja, mpaka likabaki Gécamines, na katika majina mawili ya mji, kwa maana mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi. Ameona nchi ikiitwa Kongo, ikawa Zaire mwaka 1971, ikarudi Kongo mwaka 1997. Mtu wa namna hiyo akichanganya tarehe, mimi sishangai sana.

Tulianzaje? Kwa bahati. Nilikuwa ninapanga sanduku la nguo nikakuta chini kabisa sindano mbili za kufuma, za chuma, zimefungwa katika kitambaa. Nikamwekea mapajani bila kusema neno. Akazigeuza, akazigonganisha, akauliza: "Uzi iko wapi?" Nikamtuma mtoto sokoni. Wamama, mwanamke huyu ambaye alikuwa hajui tena namna ya kufunga vifungo vya gauni alishika uzi akaanza safu ya kwanza bila kuangalia mikono yake. Mazoea ya mikono yana mahali pake pengine katika ubongo, na ugonjwa huu huchelewa kufika huko.

Kisha akaanza kusema. Alifundishwa kufuma fwaye, ile nyumba ya kambi ambako wamama walikusanywa kujifunza kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto. Akaeleza jinsi walivyopanga foleni kupeleka watoto kilo, jinsi mama aliyeleta mtoto mchafu alivyogombezwa mbele ya wote, na jinsi wao walivyowaogesha watoto mara mbili ili wasiaibishwe. Akaeleza siku ya mgao wa chakula, unga wa mahindi ukipimwa kwa idadi ya watoto wa kila nyumba. Mpaka leo tunaita Jumamosi siku ya posho bila kufikiri neno hilo limetoka wapi. Binti yangu alisikia maana yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na akaeleza sirene. Sirene ndiyo iliyopanga siku za kambi. Ilipolia asubuhi, mume lazima awe amekwisha kula, na mwanamke ambaye mume wake alichelewa alisemwa vibaya katika kambi nzima.

Hapo ndipo nilipoelewa. Usiku, mama huyu hakuwa akisema na wafu. Alikuwa akifanya kazi yake. Alikuwa mke mwaminifu wa miaka ishirini anayeogopa mume wake asikatwe mshahara.

Na mtoto wangu alielewa kabla yangu. Alikuwa amekaa chini, amesikia yote, kisha akauliza: "Kambo, na kama sirene ililia na bukari haijaiva?" Mzee akacheka mpaka meno mawili yaliyobaki yakaonekana. Akasema basi unafunga bukari ya jana katika kitambaa na unakimbia. Tangu siku hiyo wanalala chumba kimoja tena.

Nilipoyaeleza hayo kwenye mkutano wetu wa likelemba, karibu nusu ya wamama walikuwa na habari ya kufanana nayo. Tukakubaliana kwamba siku ya nne, baada ya pesa kuhesabiwa, tubaki saa moja pamoja na wazee wetu. Hatuna fundi wa kutuongoza, wala hatukutafuta. Tunachoomba ni kila mmoja alete kitu kimoja cha kushika mkononi.

Kwa kweli vitu vinasema kuliko maswali. Pasi ya makala ilizalisha nusu saa ya mazungumzo juu ya kola za waume na cheche zilizotoboa shati ya siku ya yenga. Uzi mweusi wa kusukia nywele ulifanya wamama watatu wa miaka sabini na zaidi washikane vichwa na kubishana juu ya mitindo ya wakati wa Zaire. Harufu pia ina nguvu: kipande cha bitoyo juu ya mbabula, munkoyo katika kikombe, sabuni. Mzee mmoja mwanamume ambaye hakufungua kinywa kwa majuma matatu alianza kutikisa mguu tulipompigia katika telefoni gita la Mwenda Jean Bosco, yule wa Bayeke aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo. Wanaume wengine unawapata kwa mpira. Wakumbushe kwamba Mazembe ilichukua kombe la Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968, wakati ikiitwa Englebert, halafu kaa kando, kwa maana hawatanyamaza.

Jambo lililotuchekesha zaidi lilitoka kwa mama mmoja aliyemwambia mjukuu wake kwamba yeye ana majina mawili. Mwaka 1972 serikali ilipokataza majina ya Kikristo ya kigeni, yeye aliingia ofisini na jina la ubatizo akatoka na jina la nyanya yake wa kijijini, na tangu hapo hakuitwa tena lile la kwanza isipokuwa na padri na mume wake, tena kwa sauti ya chini. Akaeleza walivyokatazwa suruali na nywele za bandia, na namna alivyoficha wigi yake ndani ya chungu. Mjukuu wake, msichana wa sekondari, alikuwa amekuja kwa kulazimishwa. Siku ya nne iliyofuata alikuja mwenyewe na daftari.

Tusidhani kwamba haya ni mambo mageni kwetu. Wamama wenye umri wangu wanakumbuka picha zilizokuwa zimetundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za mji huu miaka ya 1970: mambamuntu, wafungwa wa wakati wa Wabelgiji, Lumumba, kijiji kando ya mto. Wachoraji walizipaka juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuziuza kwa bei ya mfanyakazi. Watu waliziita ukumbusho. Kazi yake haikuwa kupamba ukuta tu. Mgeni aliketi, akaangalia, akauliza, na mwenye nyumba akaanza kusimulia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora hivyo historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja, akiieleza kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Kabla yake, mwaka 1965, wazee waliofanya kazi nyumbani mwa Wazungu walikwisha andika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili hichohicho, kwa mkono wa André Yav. Na tangu mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifanya mradi uitwao Mémoires de Lubumbashi, wakakusanya masimulizi na vyombo vya nyumbani vya wakaaji wa kawaida, hata mambo ya wanawake, mitindo ya nguo na muziki. Kwa hiyo tunapoweka pasi ya makala katikati ya meza, hatuigi mtu.

Sasa makosa yetu, kwa maana tulifanya mengi.

La kwanza ni kusahihisha. Mama mmoja alikuwa akisimulia vizuri kabisa sherehe za uhuru alizoziona, akasema ni mwaka 1962. Mtoto wake, mwalimu, akaruka: "Mama, ni tarehe 30 mwezi wa sita 1960!" Mama akanyamaza, na siku hiyo hakusema tena. Tulipoteza sherehe nzima, nguo, ngoma, vyakula, kwa ajili ya tarakimu moja ambayo kila mtoto wa shule anayo katika kitabu. Tangu hapo tumekubaliana kwamba saa ile hakuna mwalimu.

Na maswali yenyewe yanahitaji uangalifu. "Unakumbuka?" ni swali baya, linamlazimisha mzee kujibu ndiyo au kukiri kwamba amesahau. Ni afadhali kuanza na kitu: "Hii sahani ilikuwa ya kazi gani?" au kuomba msaada: "Nifundishe, sombe mlikuwa mnaitwangia nini?" Mzee anayeombwa kufundisha huketi namna nyingine.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la picha. Dada mmoja alileta picha ya familia ya mwaka 1991 bila kufikiri. Mama yake aliishika, akaweka kidole juu ya mtoto mmoja, akaanza kutetemeka. Wamama, nyote mnajua kilichotokea katika jimbo letu mwaka 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa, watu wakilala kwa majuma kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Mtoto yule alikufa pale. Mama huyo si wa Kasai kwa kuzaliwa, aliolewa huko. Na ndani ya duara letu walikuwapo watu ambao mwaka huo walikuwa upande mwingine.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mmoja wetu alimshika mkono, mwingine akaleta maji, na hatukubadilisha mazungumzo kwa haraka kama tunavyopenda kufanya. Alilia, akasema jina la mtoto mara nyingi. Kisha mama mmoja mzee, ambaye sitasema zaidi juu yake, akasogeza kiti chake karibu naye akakaa hapo mpaka mwisho. Nilikwenda nyumbani nikiwa na moyo mzito, nikidhani nimeharibu kila kitu. Juma lililofuata yule mama alirudi.

Lakini sitaki mchukue hadithi hiyo kama ruhusa. Katika nchi yetu, kumbukumbu za wazee zina vita ndani yake. Mwaka 1961 kulikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi Baluba hapahapa pembeni ya mji. Kuna wazee waliokuwa humo. Kuna wanawake waliotendewa ukatili ambao hawajamwambia mtu, wala waume wao. Wapo wanaume ambao ukitaja mwaka 2003, walipoondoka kazini Gécamines kwa maelfu katika mpango wa kuondoka kwa hiari, hawalali usiku huo. Tiba ya ukumbusho si kuchimba. Unaweka kitu mezani, na mzee ndiye anayechagua mlango. Akikwepa jambo, mwache alikwepe. Akilia kisha akatulia na kuendelea, kaa naye. Akilia na kutetemeka, au akabaki na hofu usiku kadhaa baadaye, simamisha, na umpeleke kwa muganga au kwa mtu aliyesomea kusikiliza watu walioumizwa.

Mtaniuliza kama inafaa kweli. Mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja majaribio 22 yaliyofanywa kwa watu wenye demensia karibu elfu mbili. Waliona faida katika namna ya kuishi, katika kuongea na wengine, katika akili na moyo, lakini wakasema wazi kwamba faida hizo ni ndogo, tena hazifanani kila mahali. Hakuna aliyepona. Mama mkwe naye hajapona. Mwaka huu amesahau jina langu, ananiita kwa jina la dada yake. Basi akitokea mtu anayewauzia mafuta au maombi ya kurudisha akili ya mzee, mjue la kumjibu.

Kuna jaribio lingine kubwa la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2012, ambalo watu wachache hulitaja, nami naona ndilo linalotuhusu zaidi sisi. Wagonjwa na watunzaji wao waliwekwa pamoja katika vikundi vya ukumbusho. Kwa wagonjwa, faida ya jumla haikuonekana; na watunzaji walipopimwa miezi baadaye walikutwa na wasiwasi zaidi kuliko wale ambao hawakuingia katika vikundi. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Ni nani anayemuogesha mzee, kumfulia, kumtafuta barabarani, kuamka saa kumi ya usiku? Kisha unamwambia na siku ya nne aje tena akae duarani atabasamu. Ndiyo sababu katika chama tumeamua kwamba mama anayemtunza mzee, saa ile, ana haki ya kumwacha na kwenda zake: alale, asukwe nywele, aende sokoni bila kukimbia. Wengine tunakaa na mzee wake. Mara ya kwanza nilipoachiwa saa hiyo nilirudi nyumbani, nikaketi juu ya kitanda, na sikufanya chochote kabisa.

Wanaume wetu bado wanaona ni mambo ya wamama. Nitaliandikia siku nyingine, kwa maana wazee hawa ni mama zao kabla ya kuwa mama wakwe zetu.

Usiku mama mkwe bado anaamka. Si kila siku, lakini anaamka. Simwambii tena habari za kifo, wala simwambii kwamba mume yuko kazini. Nimegundua kwamba si lazima nichague kati ya hayo mawili. Mara nyingi binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, ndiye anayemsikia kwanza. Anamshika mkono na kumwambia: "Kambo, nielezee sirene ilikuwa inaliaka namna gani." Mzee anaiga mlio ule kwa sauti ya chini, mrefu, unaopanda na kushuka, kisha wanaingia ndani.

Kitambaa anachofuma kimefika urefu wa mkono. Uzi ni bei kali, kwa hiyo kila siku ya yenga mtoto hukifumua na kuuviringisha upya, na mama mkwe, akiona sindano tupu, husema: "Leo naanza kipya." Kama kuna mwenye mabaki ya uzi wa sufu nyumbani, ayalete mkutano ujao wa siku ya nne. Rangi yoyote.